Kesho ya Nani?

Karatasi yenyewe ilikuwa ndogo, kipande nilichochana kwenye daftari la wageni, na niliiandika kwa mwandiko wangu wa sikukuu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, kazi ya kwanza maishani, mapokezi ya usiku katika nyumba ya wageni mjini Arusha. Jumatatu saa nne usiku simu ikalia. Alikuwa dereva wa watalii, mzee mwenye sauti ya kukwaruza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Mwambie yule mama mgeni nitakuja kesho saa kumi na mbili asubuhi. Awe tayari."

Mgeni alikuwa ameshalala. Nikachukua kalamu, nikaandika: "The driver called. He said he will come tomorrow at six." Nikaipenyeza chini ya mlango wake, nikarudi kwenye kiti changu nikijiona mtu wa maana.

Yule mama aliiona karatasi Jumanne saa mbili asubuhi, alipoamka. Akasoma "tomorrow", akahesabu: kesho ni Jumatano. Akaagiza chai na mayai. Mzee wa watu alikuwa ameshafika saa kumi na mbili kamili, akasubiri getini dakika arobaini, mlinzi hana habari ya mgeni yeyote anayesafiri, akageuza gari akaenda zake. Jumatano alfajiri mgeni alikaa ngazini na mabegi yake, gizani, akingoja gari lililokwisha kuja jana yake.

Hakupiga kelele. Kulipopambazuka aliweka karatasi yangu juu ya kaunta, akagusa kwa kidole neno "tomorrow", akaniuliza taratibu: "Whose tomorrow?"

Kesho ya nani. Saa nilipatia, nasema hivyo kwa kujitetea, maana kuigeuza saa kumi na mbili yetu kuwa "six" yao kumewaangusha wengi. Nilichokosa ni kingine kabisa. Ile kesho ilikuwa ya dereva, nami niliichukua mbichi kutoka kinywani mwake nikaitia chini ya mlango wa mtu mwingine, kwenye siku nyingine.

Miaka mingi imepita, na siku hizi jioni nafundisha Kiingereza watu wazima: wahudumu wa hoteli, wauguzi, makarani, dereva mmoja mmoja. Nimeona jambo. Mtu anaweza kujieleza vizuri kabisa, akakusimulia kijiji chake na kazi yake na watoto wake, mpaka umuulize, "Bosi wako alisemaje?" Hapo anazimika kama gari bovu mlimani. Atajaribu "He said that", ataacha. Atajaribu "He told that", ataacha. Mwishowe atakimbilia kuigiza: "He said like this: 'You, come tomorrow!'" na kidole kiko hewani. Darasa linacheka, naye anakaa.

Nawaandikia watu kama huyo. Nakuandikia na wewe uliyeisoma "reported speech" kidato baada ya kidato, ukageuza sentensi kumi kwenye mtihani, na leo ukiulizwa kikao kilisemaje unabadilisha mazungumzo. Inuka. Huna upungufu huo unaoudhani. Kazi ya kubeba maneno ya watu unaifanya tangu una miaka mitano, tena kwa lugha inayodai mengi kuliko Kiingereza.

Kumbuka ulivyotumwa. Mama yuko jikoni, chai iko motoni, sukari imeisha. "Nenda kwa mama Asha, mwambie anipe sukari kikombe kimoja, nitamrudishia jioni." Ukakimbia peku, ukabisha hodi. Ukasemaje? "Mama kasema umpe sukari kikombe kimoja, atakurudishia jioni." Hebu tazama ulichokifanya pale mlangoni huku unahema. "Anipe" imegeuka "umpe": a- ikawa u-, -ni- ikawa -m-. "Nitamrudishia" imekuwa "atakurudishia". Nafsi nne zimebadilishana viti ndani ya maneno mawili, na hakuna aliyekufundisha, hukukosea, wala hukusimama kufikiri. Mgeni mwenye digrii mbili anayejifunza Kiswahili huumia kichwa wiki nzima kwa hilo. Kwa nafsi peke yake, Kiingereza ni mteremko: "I" ya msemaji inakuwa "he" au "she", "you" yake inakuwa "I" au "me" yako, umemaliza.

Kinachobaki ni wakati, na hapo nakubali pana mwiba.

Kiswahili chetu cha kila siku huuacha wakati kama ulivyotoka kinywani. Juma akisema "naumwa", sisi tunasema "Juma alisema anaumwa". Ile -na- inabaki. Ukisema "Juma alisema alikuwa anaumwa", msikilizaji ataelewa kwamba aliumwa siku za nyuma na huenda alikwisha kupona. Kiingereza kinakwenda kinyume: "Juma said he was ill" ndiyo "Juma alisema anaumwa" yenyewe. Hiyo "was" haina habari ya kupona. Ndipo tunapoumia, kwa sababu masikio yetu yanatuambia kwamba tukisema "was" tumemsingizia mgonjwa afya. Basi tunaandika "Juma said he is ill", mwalimu anachora mstari mwekundu, na mara nyingi haelezi kwa nini.

Nikueleze nilivyokuja kuielewa mimi. Lichukue neno letu "eti". "Eti Juma anaumwa." Kwa herufi tatu umeshamjulisha msikilizaji kwamba haya umeyasikia, wewe unayapitisha tu. Kiingereza hakina neno jepesi namna hiyo. Chenyewe kinakirudisha kitenzi hatua moja nyuma, na hatua hiyo ndiyo umbali kati ya mdomo wangu na mdomo wa Juma. Eti yetu ina kejeli kidogo, "was" haina, lakini kazi ya kujitenga na maneno ya mwenzio ni ileile. Tangu nilipoanza kuisikia "was" kama eti iliyostaarabika, sijahangaika nayo tena.

Hatua moja nyuma, basi. Aliyesema "I work", unaripoti "he worked". "I am working" inarudi "he was working". "Will" inarudi "would", "can" inarudi "could", "may" inarudi "might". Ukikutana na kitu ambacho tayari kiko nyuma, "I lost my phone" au "I have lost my phone", vyote viwili vinarudi mpaka "she had lost her phone". Yaani -li- yetu na -me- yetu zinaingilia mlango mmoja. "Must" mara nyingi huwa "had to". "Would", "could", "should" na "might" zimeshafika ukutani, hazina pa kurudi, ziache zilivyo. Hayo yote yanaenea nyuma ya tiketi ya basi, na wewe umeyaogopa miaka kumi!

Na usidhani hujawahi kuyafanya. Darasani, kwenye usemi halisi na usemi wa taarifa, mwalimu wa Kiswahili alikupa "Nitakuja kesho", akataka uigeuze. Ukaandika: "Alisema kwamba angekuja siku ambayo ingefuata." -ta- ikawa -nge-, kesho ikawa siku ambayo ingefuata, alama zote ukapata. Sasa soma hii: "He said that he would come the following day." Ni sentensi yako ileile, imevaa suti.

Kuna pahala hatua hiyo si lazima. Jambo likiwa bado ni kweli unaweza kuliacha: "Our teacher said that Kilimanjaro is the highest mountain in Africa", kwa kuwa mlima haujashuka. Na ukianza na "says", kitenzi hakirudi popote: "Mama says she is coming." Ukisitasita, rudi nyuma tu. Hata "was" kwa Kilimanjaro hakuna atakayekulaumu.

Kuhusu siku na mahali sitakuchosha, yule mama wa Arusha ameshafundisha. Jiulize anayesoma au kusikiliza yuko wapi, na ni lini. Ningemkuta macho usiku uleule wa Jumatatu nikamwambia kwa mdomo, "tomorrow" ingefaa bila tatizo, ingawa mitihani hupenda kujifanya haifai kamwe. Kwa karatasi itakayosomwa saa yoyote, dawa ilikuwa hii: "The driver rang on Monday night. He said he would come the next day, Tuesday, at six." Kwa mtindo huohuo "today" huwa "that day", "yesterday" huwa "the day before", "here" huwa "there". Mimi, hata hivyo, nazidi kupenda kutaja jina la siku. Jumanne haina kesho ya mtu.

Sasa njoo kwenye "say" na "tell", uwanja unaowatoa watu wazima jasho kwenye usaili. Hapa Kiswahili kinakubeba mgongoni. "Say" ni sema. "Tell" ni ambia. Jaribu kusema "Aliambia kwamba atakuja." Unasikia inavyochechemea? Aliambia nani? Ambia haikai bila mtu ndani yake: aliniambia, alimwambia, aliwaambia. "Tell" nayo ni hivyohivyo, inataka mtu papo hapo nyuma yake: "He told me", "he told her", "he told the guests". Sema inajitegemea: alisema kwamba. Kwa hiyo "He told that" imekufa kwa ugonjwa uleule ulioua "aliambia kwamba", na "He said me" ni kama "alinisema", ambayo kwetu ni habari nyingine kabisa, ni ugomvi. Huhitaji kanuni mpya. Kila ulimi ukitaka kutoa "told", sikiliza kama kichwani unasema sema au ambia. Jibu utalipata kabla hujafungua mdomo.

Maswali nayo yanatisha bure. Afisa kakuuliza, "Where do you live?" Wengi wanakuja kuripoti: "He asked me where do I live." Wamebeba swali likiwa bado na mifupa yake. Kiswahili kinasema "aliniuliza ninaishi wapi", na kile "ninaishi" hakina umbo la swali lolote. Ni maelezo ya kawaida. Fanya vilevile: "He asked me where I lived." Ile "do" ni ya anayeuliza, wewe huulizi tena, unaeleza, iache mezani kwake. Na swali la ndiyo au hapana tunalipitishia kwenye "kama": aliniuliza kama nimewahi kusafiri. Kiingereza kinalipitishia kwenye "if" au "whether": "She asked me if I had ever travelled abroad." Tena "kama" yetu na "if" yao hutumika pia kwenye sharti, kama akija, if he comes. Lugha mbili zisizo na undugu zimepita mlango mmoja. Mimi hilo hunipa raha kila ninapolifundisha, ingawa darasani ni mimi peke yangu ninayetabasamu.

Kisha amri. "Close the door!" Aliniambia nifunge mlango. Unaiona ile -e mwishoni? Nifunge, niende, ningoje na wenzake. Pale Kiswahili kinapokutaka uweke -e, Kiingereza kinakutaka uweke "to": "He told me to close the door." Na pale tunapochomeka -si-, aliniambia nisifunge, chenyewe kinaweka "not to": "He told me not to close it." Wanafunzi wangu niliwapa hiyo jioni moja, na wiki iliyofuata mhudumu mmoja wa jikoni, mama wa makamo asiyependa kuongea, akasimama bila kuitwa: "The chef told me to wash the rice three times and not to leave the pot." Nilitaka kupiga vigelegele, ila sina sauti ya kazi hiyo.

Nikutahadharishe na mjanja mmoja anayevunja utaratibu huu: "suggest". Tunasema "alinipendekezea niende", na mkono unakimbilia "He suggested me to go". Hapana. Sema "He suggested that I go", au "He suggested going" kama wote mnaondoka. Huyo mkariri tu, ana tabia zake.

Ukishazoea hatua hii utaona kwamba "said" na "told" ni chumvi na maji tu, mboga bado. Sikiliza taarifa ya habari ya Kiswahili usiku: waziri alisisitiza, mshtakiwa alikana, shahidi alidai, kocha alikiri. Kila kitenzi kimebeba hukumu ndogo. "Alidai" inakuambia mwandishi hajaweka mkono wake motoni. Kiingereza kina "insisted", "denied", "claimed", "admitted", na vinapima vilevile. Karani anayeandika "He claimed he had paid" mahali pa "He said he had paid" amemtilia mteja shaka mbele ya bosi, pengine bila kujua. Chagua kwa makini. Ukikosea hapo unagusa heshima ya mtu.

Na usiseme mambo haya ni ya mtihani. Kila kikao cha shule, cha kikoba, cha bodi, huacha muhtasari, na muhtasari ni usemi wa taarifa kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho: mwenyekiti aliwajulisha wajumbe kwamba, mjumbe alihoji kama, kikao kiliagiza. Ofisini kwenu wakitaka mtu wa kuandika huo muhtasari kwa Kiingereza, kimya kinavyotanda mezani unakijua. Nyanyua mkono. Muuguzi anayekabidhi zamu kwa daktari mgeni hana sentensi muhimu kuliko hii: "She said the pain had started the night before." Humo ndani mna saa, mna mgonjwa, mna ukweli kwamba ni yeye aliyesema. Ukiandika "She said the pain starts yesterday", daktari anaanza kubahatisha, na mgonjwa yuko kitandani.

Utaniambia lugha si yako, hukuzaliwa nayo. Otto Jespersen naye hakuzaliwa nayo. Alikuwa Mdenmaki, alizaliwa mwaka 1860 katika mji wa Randers, akaishia kuandika sarufi kubwa ya Kiingereza yenye juzuu saba, ya kwanza ikatoka mwaka 1909 na ya mwisho mwaka 1949, miaka sita baada ya yeye kufariki. Katika kitabu chake cha mwaka 1924 kuhusu falsafa ya sarufi alitenga sura nzima kwa usemi wa taarifa, huku akilinganisha lugha mbalimbali. Waingereza wenyewe wameketi miguuni pake. Aliiona lugha ile vizuri kwa sababu aliitazama kutoka nje, na wewe umesimama hukohuko nje, ukiwa na Kiswahili mkononi. Aliyezaliwa London hasikii "had" ikifanya kazi ya -me-. Wewe unaisikia.

Basi tuanze leo, usisubiri kozi. Fungua simu, tafuta ujumbe wa sauti wa mwisho uliotumiwa na shangazi, fundi, au yule rafiki asiyejua kufupisha. Sikiliza mara moja. Chukua karatasi uandike sentensi tatu, ya kwanza ianze na "She said", ya pili na "She asked me", ya tatu na "She told me to". Zisome kwa sauti. Zikikwama, rudia Kiswahili chake kichwani: sema au ambia? pana "kama"? pana -e? Kesho tano. Ukifika wiki ya pili, acha karatasi; zungumza peke yako njiani, abiria wa daladala wakikushangaa waache wakushangae. Mwezi ukiisha mtafute mtu wa kumpelekea salamu za kweli kwa Kiingereza, na uzifikishe bila kuigiza, bila kidole hewani.

Mimi nilianza wiki ileile ya aibu. Nilinunua daftari la kurasa arobaini, kila simu iliyoingia usiku nikaiandika mara mbili, ilivyosemwa na inavyoripotiwa. Siku ya saba au ya nane simu ikalia, sauti ya kukwaruza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ni wewe yule kijana wa karatasi?"

"Ndiyo mzee. Samahani kwa yaliyotokea."

"Yamepita. Nina wageni wawili hapo. Waambie nitakuja kesho saa kumi na moja na nusu, wabebe na koti, kreta kuna baridi. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

Nikamsomea: "The driver rang on Wednesday night. He said he would come on Thursday at half past five. He told me to tell you to bring a jacket because it was cold at the crater."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani upande wa pili.

"Hapo kwenye koti," akasema, "rudia."

Nikarudia.

"Haya. Alhamisi nakuja."

Nikaipenyeza chini ya mlango. Alhamisi saa kumi na moja na robo wageni wote wawili walikuwa getini, makoti mwilini, wakisikiliza gari likipanda kilima.